Ndonya ya fedha na ruhusa ya bibi

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Wiki nzima nimeandika habari za vikao na bajeti, kichwa kimechoka. Leo nataka tuzungumze mapambo. Ndiyo, mapambo: hereni, vipini, mikufu. Usikimbie ukadhani haya ni mambo ya akina dada tu. Humu ndani kuna sheria, kuna historia, kuna pesa, na kuna bibi yangu wa Narung'ombe, ambaye kwa hoja hajawahi kushindwa na mtu.

Ipo hivi. Nina rafiki yangu fundi wa vito hapa Dar es Salaam. Tulisoma wote chuo kikuu. Yeye alisomea biashara, akahitimu, akazunguka na bahasha mwaka mzima, mwishowe akarudi kwenye kazi aliyofundishwa tangu mdogo na baba yake mdogo: usonara. Hana duka. Ana meza, mtungi mdogo wa gesi, koleo, nyundo na tupa za kila saizi. Ananunua fedha chakavu, bangili zilizovunjika na mikufu iliyokatika, anayeyusha upya. Kwa wachongaji wa Mwenge anaokota vipande vya mpingo ambavyo wao wanaona ni takataka. Fedha nyeupe, mpingo mweusi... akishaviunganisha hivyo viwili utapenda mwenyewe.

Siku moja akanionyesha picha kwenye simu. Zilikuwa za pete na mikufu ya fedha iliyofuliwa kwa mkono, kwa kufuata sanaa ya jadi ya watu wanaoitwa Anishinaabe. Hawa ni wenyeji wa asili wa kandokando ya yale maziwa makubwa ya Amerika Kaskazini, mpakani mwa Kanada na Marekani. Ndani yao wamo Ojibwe, Odawa na Potawatomi. Tangu zamani wanajulikana kwa kazi za magome ya miti na miiba ya nungunungu, na baadaye shanga. Fedha ilienea kwao kwa biashara ya manyoya katika karne ya 18. Masonara wa Montreal, mmojawapo Robert Cruickshank, walifua vifungo, bangili na visahani vya kifuani, na wafanyabiashara wakavipeleka porini kubadilishana na ngozi za wanyama. Wenyeji wakavivaa kwa namna yao, mpaka vikawa vyao.

Mingi ya mikufu niliyoonyeshwa ilikuwa na michoro yenye mistari minene, ndege na dubu wanaoonekana hadi matumbo yao. Mtindo huo ulipata umaarufu duniani kupitia mchoraji wa Kiojibwe, Norval Morrisseau, aliyezaliwa 1932 na kufariki 2007. Chini ya kila picha kulikuwa na maelezo: huyu ni ndege gani, anasimuliwa vipi, na watu gani.

Rafiki yangu akaniuliza, "Wewe si Mmwera? Kwenu kuna nini?"

Nikamjibu bila kufikiri sana: kwetu kuna ndonya.

Kwa msiojua, ndonya ni kisahani cha mti kilichovaliwa na wanawake kwenye mdomo wa juu. Wengi mkisikia ndonya mnawakumbuka Wamakonde, lakini haikuwa yao peke yao. Wamwera walivaa pia. Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alizunguka kusini mwa nchi yetu mwaka 1906, kipindi kilekile cha Vita vya Maji Maji. Kitabu chake kilichotoka 1908 kimeeleza ndonya na vipini vya pua kwa urefu. Msichana alianza na kijiti chembamba. Tundu likipanuka, anawekewa kikubwa zaidi, mpaka inafika saizi ya mtu mzima.

Basi fundi akaenda kutengeneza. Alikata visahani viwili vidogo vya mpingo, akavizungushia pete ya fedha, katikati akapachika nukta tatu. Nilikaa naye jioni moja nikiangalia. Aliniambia fedha inayeyuka kwenye nyuzi joto 962 hivi, na mpingo unakuwa mkaa zamani sana kabla ya hapo. Kwa hiyo kazi zote za moto lazima ziishe kwanza: kuyeyusha, kuchomea, kusafisha. Ndipo mti unaingia, baridi, kwa kubanwa na kugongwa taratibu. Hata fedha yenyewe haitumiki tupu maana ni laini mno. Inachanganywa na shaba kidogo. Ile namba 925 unayoiona nyuma ya pete ina maana kwamba katika sehemu 1,000, 925 ni fedha.

Hereni zikatoka, nami nikaenda nazo kazini kwa majivuno yangu yote. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mwandishi mwenzangu mmoja akasema, "Lakini fedha si ya Wamwera. Usonara ni wa pwani, ni wa Waarabu na Wahindi. Mnabuni utamaduni." Dada mmoja wa matangazo akasema tunarudisha ushamba mjini. Na siku chache baadaye, muuza vinyago mmoja niliyemuuliza kuhusu ndonya akanipa ile hadithi ambayo watalii huambiwa kila siku: eti wanawake wa kusini walitoboa midomo ili waonekane wabaya, wafanyabiashara ya watumwa wasiwachukue.

Kwa hiyo nilikuwa na maswali matatu. Je, fedha inaingiaje kwa Wamwera? Je, ndonya ilikuwa pambo au ilikuwa kinga ya ubaya? Na kubwa kuliko yote: mimi na rafiki yangu ni nani hata tuuze umbo la mdomo wa bibi zetu? Likizo ilipofika nikazifunga zile hereni kwenye kitambaa, nikapanda basi la kusini.

Wengi siku hizi mnaijua Ruangwa kwa sababu ya Namungo FC. Narung'ombe ni kata ndani ya wilaya hiyo, juu kuelekea upande wa Kilwa. Wasomaji wa historia wanalijua jina hilo kwa jambo jingine: tarehe 19 Julai 1917 Waingereza na Wajerumani walipigana hapo vita vikali, na wengi wa waliokufa pande zote walikuwa Waafrika wenzetu. Nilifika msimu wa ufuta. Kila ua limejaa mafungu yaliyosimamishwa yakauke, na ukipita unasikia harufu yake.

"Mume wangu huyo!" Ndiyo salamu ya bibi yangu mzaa mama, kama kawaida yake. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Umekonda. Huko mjini wanakulisha magazeti?"

Sikumwonyesha siku hiyo. Nilisubiri kesho yake, tumeketi mkekani, mjomba wangu yupo pembeni anatengeneza mpini wa jembe. Kwetu ukoo unahesabiwa upande wa mama, kwa hiyo jambo la ukoo bila mjomba halijawa jambo. Nikafungua kitambaa.

Bibi akaichukua moja. Akaipima uzito kiganjani, akaigeuza nyuma, akaigusa ndoano yake kwa kidole. Kimya. Halafu akasema, "Hii ni ndonya. Mbona ndogo?"

"Ni ya masikioni, bibi."

Wadau, bibi alicheka mpaka akakohoa. "Yaani mjini mnavaa mdomo sikioni!"

Alipotulia akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha kipande cha khanga kilichochakaa. Ndani kulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni ndonya ya mama yake, mpingo mtupu, umelainika kama umepakwa mafuta jana. Cha pili ni rupia ya Mjerumani, ya fedha, yenye kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia yenye tai juu. Juu ya kofia imetobolewa tundu. Ilikuwa ya bibi yake, alisema. Aliivaa shingoni kwa uzi.

Mnaona? Swali la kwanza lilijibiwa kabla sijauliza. Rupia za Kijerumani, zilizoanza kutolewa mwaka 1890, zilikuwa fedha hasa, zaidi ya asilimia 90. Na hata lugha yetu inatuambia: fedha ni madini, na fedha ni pesa. Kwa Anishinaabe fedha ilikuja kwa biashara ya manyoya. Kwetu ilikuja kama sarafu za biashara, mishahara na kodi. Serikali iliitaka irudi kama kodi, lakini mwanamke mmoja wa Narung'ombe akaitoboa moja akaivaa. Kuanzia hapo haikuwa tena ya Kaisari. Sasa nani aniambie Mmwera hana fedha?

Swali la pili nililiuliza mwenyewe. Nikamsimulia bibi ile hadithi ya kujifanya mbaya kwa sababu ya watumwa. Alinitazama kama vile nimesema maziwa ni meusi.

"Mtu anayejichukiza anaisugua kwa mafuta kila asubuhi?"

Mama yake aliisugua kwa mafuta ya nyonyo, kila siku, kabla hajasalimia mtu. Alikuwa na ya kushindia shambani na ya kwendea ngomani. Alijipamba. Basi. Ile habari ya ubaya, bibi anasema, aliisikia kwa watu wa nje, hakuisikia nyumbani.

Lakini hakuishia hapo, na hili ndilo lililonifanya niandike makala hii. Alisema baada ya Uhuru walikwenda Lindi mjini, yeye binti mdogo na mama yake, kuuza nafaka. Watoto wakawafuata barabarani wakiwacheka. Watu wazima nao wakacheka. Tangu siku hiyo mama yake akiwa mjini alifunika mdomo kwa upindo wa khanga. Miaka ikapita, akaacha kuvaa ndonya kabisa. Lakini tundu likabaki, na mkono ukawa umeshazoea. Mpaka anafariki, miaka kadhaa kabla mimi sijazaliwa, akiongea na mgeni upindo wa khanga uko mdomoni. Bibi mwenyewe hakutobolewa mdomo. Mama yake alikataa. Alimtoboa pua tu, akamwekea kipini.

"Hiki ndicho walichomcheka nacho mama yangu," akasema akiinua ile hereni. "Leo mnauza bei gani?"

"Elfu themanini na tano, jozi."

Akahesabu kwa ufuta, kimyakimya, kwa vidole. Kwa bei ya msimu ule ilikuwa zaidi ya kilo 20. Mjomba akaacha mpini wake.

"Kwa hiyo kwanza walitucheka," mjomba akasema, "sasa watatuuza."

Nikakosa la kujibu. Bibi ndiye aliyeuliza tena: "Anayenunua anajua kwamba ni ndonya?"

Nikamweleza ukweli: duka moja la vitu vya watalii limekubali kuziweka, lakini wenyewe wanataka ziandikwe tu hereni za asili za Kiafrika. Bibi akaiweka hereni chini, juu ya mkeka. "Basi hapana. Iuzeni, lakini kwa jina lake. Iiteni ndonya. Semeni ni ya Wamwera. Asiyetaka jina asichukue na umbo." Halafu akaongeza kwamba ya mama yake, ile ya kwenye khanga, isipigwe picha wala isiigwe. Fundi atengeneze zake.

Mjomba naye akatoa lake: "Jina ni zuri, lakini jina halinunui chumvi."

Jamani, hawa wawili hawajawahi kusoma sheria yoyote ya sanaa. Niliporudi Dar es Salaam nikaanza kupekua, na nikakuta mabishano yao ya mkekani yapo kwenye vitabu vya sheria vya pande mbili za dunia.

Marekani wana sheria ya mwaka 1990 inayolinda sanaa za wenyeji wao wa asili. Ukitangaza pete kwa namna ya kumfanya mnunuzi aamini imetengenezwa na mwenyeji wa asili, na si kweli, ni kosa la jinai. Faini inaweza kufika dola 250,000, na kifungo kipo. Lakini angalia vizuri: sheria hiyo inalinda jina. Mtu yeyote anaweza kufua dubu wa fedha, ilimradi asiseme uongo kuhusu aliyemfua. Na jina lina thamani kweli. Mwaka 2023 polisi wa Ontario, Kanada, waliwashtaki watu 8 katika kesi ya picha bandia zilizouzwa kwa jina la Morrisseau. Morrisseau huyohuyo, enzi za uhai wake, alilaumiwa na baadhi ya wazee wa kwao kwa kuanika hadharani mambo waliyoyaona ni ya siri. Kumbe hata mwenye asili anaulizwa: nani kakuruhusu?

Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilishika upande wa pili: ruhusa. Ilipotungwa iliweka sehemu nzima kwa ajili ya sanaa za jadi, kwamba anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila apate kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Ila iliacha mlango kwa msanii anayeazima kitu cha jadi ili kuunda kazi mpya ya kwake. Rafiki yangu anaweza kupita kwenye mlango huo kifua mbele. Kisheria huenda hana deni.

Lakini mimi naona anayo madeni mawili, na yametajwa pale mkekani. Bibi anadai jina. Mjomba anadai chumvi. Sheria ya Marekani ingemsikiliza bibi, na ya kwetu inakaribia kumsikiliza mjomba. Hakuna iliyowasikiliza wote wawili kwa pamoja.

Na kuna ugumu mwingine, tusidanganyane. Bibi anaweza kuruhusu kwa niaba ya mama yake. Hawezi kuruhusu kwa niaba ya Wamwera wote, wa Ruangwa, Nachingwea na Lindi. Mjomba akipewa shilingi elfu tano kwa kila jozi, bibi wa kijiji cha jirani ambaye mama yake pia alichekwa anapata nini? Tutamtafuta nani, mwenyekiti wa kijiji? Diwani? Wengine watasema kwa kuwa haiwezekani kumlipa kila mtu, basi asilipwe mtu. Mimi siafiki. Kushindwa kulipa deni lote si sababu ya kutolipa hata senti. Ila sina mpango kamili mfukoni, ndiyo maana nauleta kwenu.

Nilimfikishia fundi maneno yote, hata ya chumvi. Alinyamaza muda, akipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Halafu akaenda dukani kuchukua jozi zake zote, kwa sababu walikataa jina. Walimwambia wateja hawataki kusikia habari za midomo. Ile ilikuwa ndiyo sehemu yake pekee ya uhakika ya kuuzia, na kodi ya chumba ilikuwa inakaribia. Sasa anauza mkononi na kwenye maonyesho ya mwisho wa wiki. Kila jozi ina kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono: Ndonya. Pambo la mdomo la wanawake wa Kimwera, Narung'ombe, Ruangwa. Imetengenezwa Dar es Salaam kwa mpingo na fedha. Shilingi elfu tano za kila jozi zinakwenda kwa bibi kwa simu, na mjomba amekubali kwamba huo ni mwanzo, si mwisho.

Dada mmoja alisoma kikaratasi akarudisha hereni mezani kama zimemuunguza. Mwingine alisoma, akauliza maswali nusu saa, akanunua. Alisema bibi yake alikuwa na tundu kama hilo na nyumbani hawakuwahi kulizungumzia.

Nilimpigia bibi kumweleza habari ya huyo dada. Nilidhani atauliza pesa zimefika lini.

"Anaitwa nani?" akauliza.

Nikamwambia sijui, ni mteja tu.

"Yeye kalijua jina letu, sisi hatulijui lake?"

Basi fundi amenunua daftari. Anayenunua ndonya anaandika jina lake humo, akipenda na la bibi yake. Hadi naandika haya kuna majina 11. Mwezi wa Oktoba mikorosho ikianza kuangusha nitalipeleka Narung'ombe, nikamsomee.

Mnasemaje wadau? Hilo la chumvi tulifanyeje?